Kanda Kutoka Mlandege

Nimestaafu mwezi wa Shaabani, na vijana wa chuo cha muziki wameniomba niwaandikie machache kuhusu miaka yangu ya kufundisha. Wameniletea na daftari jipya, pengine kwa kuogopa kwamba la kwangu limeshajaa malalamiko. Sitaandika nilipandishwa cheo lini, wala nani alistahili kuwa mkuu wa idara badala ya nani. Mambo hayo yana mafaili yake, na mchwa wameshaanza kuyasoma. Nitaandika kazi yenyewe, pamoja na pale nilipoiharibu.

Mimi ni Salha binti Khalfan, mzaliwa wa Kiponda. Kwa miaka thelathini na moja nilifundisha watu kusikiliza. Kwenye ratiba somo langu liliitwa Muziki wa Karne ya Ishirini, yaani watunzi wa Ulaya na Marekani walioacha njia ya wazee wao, wakaandika muziki ambao ukiusikia mara ya kwanza unadhani wapigaji wamegombana njiani. Unguja nzima mwalimu wa somo hilo nilikuwa mimi tu, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kunisahihisha. Wakati ule niliona hiyo ni heshima.

Siku ya kwanza nilipokelewa na Maalim Nassor, mpiga fidla aliyekuwa mkubwa wa walimu, mtu mrefu mwenye kofia iliyonyooshwa vizuri kuliko kanzu yake. Chuo kilikuwa ghorofa ya pili ya nyumba kongwe mtaa wa Malindi, na ngazi zake zilikuwa na mlio wa kila namna. Akaniuliza ninajua nini kuhusu hao watunzi. Nikaanza kumsomea: huyu alizaliwa mahali fulani, yule alikimbia vita, yule mwingine aliigawa sauti katika ngazi kumi na mbili zilizo sawa kwa cheo. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Hizo habari za makaburini, Bi Salha. Umewasikia?"

Nilikuwa nimewasikia wawili. Waliobaki nilikuwa nimewasoma vitabuni tu. Akanipeleka kwenye chumba cha vyombo, akafungua sanduku la mbao lililoachwa na mwalimu mmoja mgeni aliyerudi kwao. Ndani mlikuwa na mikanda mikubwa ya duara ishirini na mitatu, ya zile mashine za zamani, kila mmoja na kijikaratasi chake.

"Kasikilize yote. Ukimaliza ndiyo uje unambie habari za kufundisha."

Nilifika wa kumi na tisa, mashine ikaungua. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, uliporudi ukarudi kwa kishindo.

Kabla sijaendelea, niseme namna Maalim alivyotaka tufundishe, maana wengine mnaifuata mpaka leo bila kujua ilikotoka. Katika vilabu vya taarab, wimbo mpya hauanzi kwenye karatasi. Mpiga fidla anapiga mstari mmoja, wenzake wanaupokea, wanaurudia mpaka umekaa, halafu wanasogea mstari wa pili. Maalim akaamrisha hivyo hivyo kwa hao Wazungu wangu. Mwanafunzi asioneshwe noti hata moja mpaka ameweza kuimba kwa mdomo. Matokeo yake ni kwamba hapa mjini wako akina mama na akina baba wenye heshima zao ambao, wakifua au wakiendesha gari, huimba muziki wa Viyena huko Ulaya usio na kichwa wala mkia. Mama mmoja alikuja chuoni kutuuliza, kwa upole kabisa, kama binti yake apelekwe kwa mganga.

Vifaa havikuwa vingi. Piano ilikuwa moja, nayo chumvi ya bahari ilishaila nyuzi. Kuna mtunzi mmoja wa Marekani aliyekuwa akipachika misumari na vipande vya mpira kati ya nyuzi za piano ili itoe sauti za ajabu. Nilipofika kwenye somo lake sikuhitaji kupachika kitu. Nilifunua kifuniko tu, nikapiga, wakanielewa.

Lakini mzaha huo una ukweli ndani yake, na nataka vijana waushike. Katika muziki wa namna hii, kosa na kusudi hufanana sana. Sauti ikikwaruza, inawezekana mtunzi alitaka ikwaruze. Ikizama, pengine alitaka izame. Mwalimu mwenye maneno mengi anaweza kuitetea kasoro yoyote, akaipa jina na historia, na mimi maneno sikuwahi kuyakosa.

Mashine ilipoungua niliipeleka mikanda yote kwa Bwana Premji, Mlandege. Siku hizo duka lake lilikuwa la kunakili kanda za kaseti, na taarab alikuwa akiijua kuliko wengi wetu tuliozaliwa ndani yake. Ukimtajia mstari mmoja anakupa shairi zima, na nani aliitikia, na nani alikuwa na mafua siku ya kurekodi. Alikuwa na mashine ya mikanda ya duara aliyoitengeneza mwenyewe, yenye kitufe cha kuongeza na kupunguza mwendo. Baada ya wiki mbili akanikabidhi kaseti ishirini na tatu, zimeandikwa kwa hati safi. Nne kati yake nilikuwa sijapata kuzisikia.

Mojawapo ya hizo nne ilikuwa kwarteti, muziki wa wapigaji wanne: fidla mbili, viola iliyo kubwa kidogo kuliko fidla, na chelo, ile kubwa ya sauti nzito ipigwayo kwa kukaa. Mtunzi alikuwa mtu wa Ulaya ya Mashariki aliyezunguka vijijini akikusanya nyimbo za wakulima. Jina lake silitaji, wanafunzi wangu wanamjua. Sehemu ya pili ilianza chini kabisa, nzito, kila hatua ikisubiri mwenzake, kama watu waliobeba jeneza kwenye uchochoro mwembamba. Nilikaa kitako peke yangu darasani nikalia. Baba yangu alikuwa mtu wa kilabu cha taarab, na alitulea tukiamini kwamba muziki wa maana husikilizwa kwa kukaa, mikono mapajani. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, huyu mmoja ana adabu.

Nikaandika kurasa kumi na mbili kuhusu sehemu ile. Nikaiita maombolezo. Nikawaeleza wanafunzi kwamba mtunzi aliona vita viwili, na hapa anawazika watu wa vijiji alivyovipenda. Habari ya vita ilikuwa kweli. Somo lile lilipendwa, na wageni wakija chuoni mkuu alikuwa akiwaleta walisikilize. Nililifundisha miaka mingi, na kila mwaka nililiongezea huzuni kidogo.

Mwaka wangu wa tisa akaja Vuai.

Vuai alitoka Ng'ambo, mitaa ya watu wa kawaida nje ya Mji Mkongwe. Ami yake alikuwa na kikundi cha kidumbak, ngoma ile ya harusini yenye fidla moja, vidumbak viwili, yaani vingoma vidogo, na sanduku la mbao lenye kijiti na kamba linalopigwa badala ya besi. Huanza polepole, kisha hukolea mpaka kila aliyevaa kanga yuko uwanjani. Sisi wa vilabu vya mjini tulikuwa tukisema kidumbak ni taarab iliyovua viatu. Tulilisema kwa kucheka, lakini tulilimaanisha. Tangu udogo Vuai ndiye aliyekuwa akilinganisha nyuzi za fidla ya ami yake, na sijapata kukutana na sikio kama lile. Akiingia darasani asubuhi alikuwa akinitajia uzi gani wa piano umeshuka tangu jana, kabla hajaweka mkoba chini. Nilimpenda kwa hilo, na kwa hilo hilo alinikera.

Siku niliyowasikilizisha sehemu ya pili, wenzake walikaa kimya kama ilivyokuwa desturi. Yeye akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hii si ya kulia. Hii ya kuchezwa. Imevutwa tu."

"Imevutwa na nani?"

"Sijui. Lakini ukiikaza kidogo, ni kidumbak hii."

Wengine wakacheka, nami nikawaacha wacheke. Wiki iliyofuata akarudi na hoja nyingine. Alikuwa ameingia chumba cha vyombo, akachukua chelo, akapima.

"Pale chini kabisa, Mwalimu, chelo haifiki. Uzi wake mnene unakomea juu ya pale. Mtu hawezi kupiga sauti ambayo chombo hakina."

Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Mtoto alikuwa ameniletea ushahidi mkononi. Lakini maneno yakanijia haraka. Nikamwambia watunzi wa karne ya ishirini hawakuwa na mipaka, huenda uzi ulilegezwa kwa makusudi ili kuonesha uzito wa msiba. Jibu lilikuwa zuri hata mimi mwenyewe nikalipenda, nikaliingiza kwenye kurasa zangu kumi na mbili.

Mwaka ule kulikuwa na nafasi moja ya kwenda Misri kusoma fidla miaka minne. Ingempata atakayeongoza mtihani wa mwisho, na chuo kizima kilijua ni ya Vuai. Mtihani wangu ulikuwa wa kusikiliza. Swali la mwisho lilitaka waeleze tabia ya sehemu ya pili ya kwarteti ile, nalo lilibeba alama nyingi kwa sababu ndilo nililolipenda. Vuai angeweza kuandika maombolezo, jeneza na vita, akaenda zake. Aliandika mistari mitatu: kwamba ni muziki wa kuchezwa, kwamba kanda imepunguzwa mwendo karibu robo, ndiyo maana sauti zote zimeshuka, na kwamba chelo inathibitisha hivyo.

Nikampa sufuri. Pembeni nikaandika kwa wino mwekundu: Sikiliza muziki, usisikilize kasoro. Akashuka hadi nafasi ya nne. Maalim Nassor alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na hapakuwa na mwingine ambaye angeniita pembeni.

Vuai alikuja ofisini kwangu baada ya matokeo kubandikwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Nnaomba tuisikilize pamoja. Mara moja tu, mie na wewe, na chelo iwepo."

"Matokeo yashatoka, Vuai."

"Sitaki alama. Nnataka unambie unasikia nini."

Nikamwambia nina darasa. Sikuwa na darasa. Akasema, "Haya, nshasikia, Mwalimu," akaondoka, na chuoni hakuonekana tena.

Miaka ikaenda. Kaseti zilipochakaa, ofisi ikazihamishia kwenye sidii, na sidii zilipochubuka zikahamishiwa kwenye fleshi. Kosa likahama nyumba tatu, na kila likihama lilikuwa likitoka safi zaidi. Niliendelea kusomesha maombolezo. Vijana wengi mnaonisoma sasa mliandika habari ya jeneza kwenye karatasi zenu, nami nikawapa alama nzuri. Niwieni radhi, na alama kaeni nazo.

Ilipobaki miaka mitatu nistaafu, mwanafunzi mmoja aitwaye Rukia aliitafuta kwarteti ile kwenye simu yake. Akaifungulia katikati ya somo.

"Mwalimu, hii yetu mbona inasinzia?"

Darasa likacheka, kisha likaniona uso likaacha. Muziki uliotoka kwenye simu ulikuwa unaruka. Miguu ya wanafunzi wawili ilikuwa inagonga sakafu bila wao kujua. Nikasema labda hao wapigaji wana haraka. Nyumbani nikatafuta wapigaji wengine wanne, wote walikwenda mwendo ule ule. Nikatafuta karatasi za noti zenyewe. Mtunzi alikuwa ameandika kasi kwa mkono wake, na kando yake neno moja la kuwaambia wapigaji wachangamke. Sauti ya chini kabisa ya chelo ilikuwa uzi wake mnene, mtupu, ule ule alioupima Vuai. Niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona maishani mwangu.

Nikaenda Mlandege. Duka siku hizi ni la mtoto wa Bwana Premji, linauza vifuniko vya simu, lakini mzee mwenyewe bado hukaa mlangoni. Nikamuuliza kuhusu mkanda wa fidla nne. Akakumbuka papo hapo.

"Naam! Zile nyingine zilikuwa vichaa, Bi Salha, lakini vichaa waliokaa kitako. Ile moja ilikuwa inakimbia. Nkasema, mtoto wa Mzee Khalfan, mtu wa kilabu, atawasikilizisha watoto wa watu mbio hizi? Nkakupunguzia mpaka ikatulia. Mwenda pole hajikwai."

"Na hukuniambia, Bwana Premji?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "We si ndo mwalimu wa kusikiliza? Nkadhani umesikia."

Sikuweza kumlaumu. Alinifanyia hisani, kwa masikio yale yale niliyolelewa nayo mimi. Yeye aliupunguza muziki ukapata adabu, nami nikaupokea kwa sababu ulikuwa na adabu. Aliyesikia alikuwa mmoja tu, na alitoka upande ambao hatukuzoea kuuliza.

Ningependa kuandika kwamba kesho yake nilimtafuta Vuai. Ilinichukua zaidi ya miaka miwili. Kila wiki nilikuwa na sababu: mtihani, mvua, goti. Ukweli ni kwamba niliogopa. Wiki moja baada ya kuagwa na kupewa saa ya ukutani, nikajikaza nikaenda Ng'ambo, nikiuliza nyumba hadi nyumba.

Nilimkuta kwenye karakana nyuma ya nyumba yake, anatengeneza madirisha ya alumini. Ndevu zimeingia mvi. Alizima mashine, akafuta kiti kwa fulana yake.

"Mwalimu! Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Mkewe, Bi Asha, akaniletea maji, akakaa nasi kwa heshima ya mgeni. Nikasema, "Vuai, ile kanda ilikuwa imepunguzwa mwendo. Uliandika kweli. Nilikufelisha kwa kosa langu."

"Kanda gani, Mwalimu?"

Nilidhani amesahau, na Mungu anisamehe, nilipata afueni. Kisha akasema taratibu, "Ile ya fidla nne."

"Ndiyo hiyo."

Bi Asha akatugeukia mmoja mmoja. "Fidla? Vuai ajua fidla?"

Walikuwa wameoana miaka kumi na minane.

Vuai alijifuta vumbi mikononi. Aliniuliza mimi, "Unajua kwa nini niliacha?"

"Kwa sababu ya Misri."

"Misri angekwenda yeyote. Mie nlikuamini, Mwalimu. Nlikuwa nasikia kitu waziwazi, kama nnavyokusikia wewe sasa, na mtu ninayemwamini kuliko wote ananambia hakipo. Nkasema basi sikio langu bovu, kwetu hawajui tu. Nkarudi kwa ami, nkaletewa fidla nilinganishe nyuzi kama siku zote. Nkashindwa. Nkisikia imekaa, nasema labda haijakaa. Nkampa mwengine. Harusi ngapi nimekaa nasikia fidla iko mbali na mwimbaji, nanyamaza. Nasema labda ni mie."

Nikatoa simu, nikaifungulia sehemu ya pili kwa mwendo wake. Nilitazamia atagonga mguu. Hakugonga. Alisimama kando ya fremu ya dirisha, mikono imening'inia, mpaka ikaisha.

"Rejesha, Mwalimu."

Nikarejesha. Safari hii alifumba macho, na pale chelo inaposhuka kwenye uzi wake mnene, alinyanyua kidole kimoja kabla sauti haijafika. Ilifika pale pale alipoionesha. Miaka ishirini na miwili alikuwa ameibeba yote kichwani, kwa mwendo wa sawasawa, ambao hakuna mtu aliyewahi kumpigia.

Akafumbua macho akamtazama mkewe. "Kumbe nlikuwa nasikia," akamwambia.

Nilimuomba msamaha. Nililia mbele yao na sikujali. Akanisogezea kiti changu karibu na mlango, penye upepo, akangoja mpaka nikanyamaza.

"Msamaha nshakupa, Mwalimu. Umekuja kwa miguu yako, wengine hawaji. Lakini sikio lenyewe sijui kama litarudi. Nshalifundisha kunyamaza."